Namba ya Siri Si Wosia

Mjomba wangu alifariki alfajiri ya Jumanne moja ya Novemba 2023, hospitalini mjini Masasi. Kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa nimekwisha kutoa shilingi 640,000 kwenye simu yake.

Nalisema hilo mapema kwa sababu nimechoka na simulizi za mirathi ambamo mwizi huwa mtu mwingine: shemeji mlafi, mke mdogo, kaka wa mjini aliyekuja msibani na begi tupu. Katika simulizi hii aliyetoa hela ni mimi. Nilikuwa na miaka 24, nimemaliza shahada ya kwanza, nimerudi Newala kusubiri ajira ambayo haikuja. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na namba ya siri.

Namba hiyo niliijua tangu nikiwa kidato cha pili. Mjomba hakupenda kujipanga kwa wakala. Alinipa simu na kuniambia, "Mpwa, kanitolee elfu hamsini, na ya soda ujitolee mwenyewe." Tarakimu nne, mwaka alioingia JKT. Mkewe hakuzijua. Wanawe hawakuzijua. Si kwamba aliwaficha. Wao hawakutumwa tu. Mimi ndiye niliyekuwa na miguu myepesi.

Asubuhi ile nilikuwa naye peke yangu. Mama yangu na mke wa mjomba walikuwa wamepanda Newala jana yake kufuata nguo na hela. Ilitakiwa gari ya kumpandisha marehemu nyumbani, sanda, na kitu cha kuanzia msiba. Nikafungua simu, nikaangalia salio: shilingi 1,860,000. Nikasema Alhamdulillahi, mjomba amejiandaa. Wakala wa kwanza hakuwa na fedha za kutosha, nikaenda kwa wa pili. Hakuna aliyeniuliza simu ni ya nani. Kabla ya adhuhuri tulikuwa njiani ndani ya Noah, tukiacha majabali ya Masasi nyuma yetu, na saa kumi alasiri tukamzika.

Siku ya tatu walikuja wanakikoba. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, alikaa jamvini karibu na mke wa mjomba, akatoa pole, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, tunajua si wakati wake. Lakini sisi tunavunja Desemba, na hela zetu ziko kwenye simu ya marehemu."

Mjomba alikuwa mtunza hazina wao. Zamani kikoba kile kilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu wa nyumba tatu. Halifunguki mpaka wote watatu wakae. Kisha likaja jambo la usalama, kwamba sanduku huvunjwa usiku lakini simu haivunjwi, wakahamishia fedha kwenye laini ya mjomba. Mtu mwaminifu, mwenye daftari safi. Daftari tulilifungua palepale: kati ya zile 1,860,000, shilingi 1,615,000 zilikuwa za kikoba. Za mjomba mwenyewe zilikuwa 245,000. Kwa hiyo katika laki sita na arobaini nilizotoa, shilingi 395,000, bila kuhesabu makato, zilikuwa za wanawake waliokaa mbele yangu wakila pilau niliyoinunua kwa hela zao.

Mke wa mjomba hakupiga kelele. Aliniangalia tu akasema, "Kumbe wapwa ndio mlioshika funguo."

Anayetoka kwetu anajua sentensi hiyo ina uzito gani. Sisi Wamakonde tulifuata ukoo wa mama. Kwa mila ya wazee, mali ya mwanaume haikwenda kwa watoto wake bali kwa watoto wa dada yake, yaani kwa watu kama mimi. Mjane alirudi kwao. Mila hiyo imelegea. Uislamu uliingia, Ukristo uliingia, mikorosho iliingia, na mwanaume aliyepanda mikorosho pamoja na mkewe alitaka iende kwa watoto aliowalea chini yake. Sheria nayo ina upande wake: Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo mahakama husoma habari za urithi wa kimila, liliandikwa kwa jamii za ukoo wa baba, sisi hatumo. Basi kila familia huku inapatana kivyake, na kila msiba ni mazungumzo mapya. Mjomba na mkewe walikuwa wamekwisha kupatana. Alisema mara nyingi, mbele ya mama yangu, kwamba shamba ni la wanawe. Mama alikubali. Hakukuwa na ugomvi.

Lakini simu ilirudisha mila ya zamani kwa mlango wa nyuma. Hakuna mzee aliyekaa kikao akaamua mpwa arithi. Tarakimu nne ziliamua, kwa sababu tu mimi ndiye niliyetumwa kwa wakala. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema, "Mimi nimeshamwambia mke wangu namba ya siri, nikifa hana shida," natamani kumkalisha jamvini pale.

Namba ya siri si wosia. Wosia unasema nani apate nini. Namba ya siri haisemi kitu. Inafungua tu, kwa yeyote anayeijua, na inafungua vyote kwa pamoja. Haitofautishi hela ya marehemu na amana ya watu. Haijui kwamba kabla ya urithi kuna gharama za mazishi, kuna madeni, na kwamba amana hata si mali ya marehemu ya kujadiliwa. Mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha hilo tukiwa watoto wa miaka kumi, na mimi mwenye digrii nililisahau mbele ya kibanda cha wakala.

Na haifungui hela peke yake. Usiku wa pili wa msiba, nikitafuta namba za jamaa walioko Msumbiji ili tuwape habari, niliingia kwenye WhatsApp ya mjomba. Nilisoma kitu ambacho sikupaswa kukisoma. Kilihusu ugonjwa wake, na tangu lini alijua, na nani alimwambia na nani hakumwambia. Sitasema zaidi ya hapo. Mke wa mjomba hajui kwamba ninajua, na kila Idi ninapokwenda kumsalimia nakaa na kitu hicho mdomoni kama kokwa. Mjomba hakunipa mimi siri ile. Alinipa ruhusa ya kutoa elfu hamsini na soda.

Wapo watakaosema tatizo ni mjomba kutoniandikia, au mimi kukosa subira, mambo ya familia moja. Ningekubali, kama kilichofuata kisingekuwa kigumu kwa kila mtu hata baada ya sisi kuanza kufuata utaratibu.

Mtoto mkubwa wa mjomba aliomba simu. Nilimpa, kwa haraka ya mtu anayetaka kuonekana hana hatia. Kabla hajaniuliza namba, akajaribu za kwake: mwaka wa kuzaliwa baba, mwaka wa kuzaliwa yeye, moja mbili tatu nne. Akaunti ikafungwa. Tulishuka Masasi hadi ofisi ya kampuni ya simu, ambayo sitaitaja kwa sababu sidhani nyingine ingefanya tofauti. Dada wa dirishani alikuwa mpole. Alisema mwenye laini aje na kitambulisho chake cha taifa, aweke kidole. Tukamwambia mwenye laini amefariki. Akasema basi tulete cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani.

Simlaumu. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Bila barua ile, kila aliyeiba simu angekuja na hadithi ya msiba. Lakini hesabu njia. Cheti cha kifo. Kikao cha ukoo, ambacho kwetu ni kikao cha koo mbili zinazotazamana. Muhtasari wa kikao wenye sahihi. Maombi Mahakama ya Mwanzo. Tangazo kubandikwa, watu wapewe muda wa kupinga. Kikao cha kwanza kilivunjika kwa sababu yangu: upande wa mke wa mjomba ulitaka kwanza laki nne zirudi. Barua ilitoka Juni 2024, miezi saba baada ya mazishi.

Kikoba hakikungoja Juni. Kilivunja Desemba kikiwa na pengo. Mama mmoja mwanachama, ambaye mgao wake ungemnunulia mwanawe sare na godoro la bweni kwenda kidato cha kwanza Januari, aliuza korosho zake kwa kangomba. Kwa asiyetoka Kusini: kangomba ni kumuuzia mlanguzi mlangoni kwako, kwa kipimo chake na bei yake, kwa sababu huwezi kusubiri mnada. Ni haramu kisheria na kila mtu anajua inavyomnyonya mkulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliletwa mwaka 2007 kwa sababu hiyo hasa. Yule mama aliingia kangomba kwa ajili ya simu iliyofungwa.

Hebu tulinganishe. Korosho za mjomba za msimu ule zilikuwa tayari zimeshapelekwa AMCOS. Kilo zake ziliandikwa, alipewa karatasi, mzigo ukaenda ghala la TANECU, mnada ukafanyika na malipo yakaingia benki. Ilichukua muda kuzipata fedha hizo, lakini hakuna hata siku moja mtu alibisha ni kilo ngapi na ni za nani. Gunia la korosho ghafi, kitu chenye vumbi kinachokaliwa na kuku, lilikuwa na maandishi. Hela zilizokuwa ndani ya simu, chombo tunachokiita cha kisasa, hazikuwa na chochote isipokuwa kumbukumbu ya mtu aliyekufa na daftari ambalo kampuni haliitambui.

Watu husema sisi hatupangi kwa sababu kuzungumzia kifo ni uchuro. Sikubali. Bibi yangu ana sanda yake ndani ya sanduku, imekunjwa na ubani, na kila mwaka huitoa kuianika na kutuonyesha ilipo. Ameshasema azikwe upande gani wa mnazi. Ameshasema jina lake lipewe mjukuu yupi. Kwetu marehemu hazikwi na jina. Jina lina mrithi, na mrithi hutajwa. Watu wanaojua nani atachukua jina lao hawaogopi kifo. Tulichoshindwa ni kuona kwamba simu nayo ni sanduku, na ndani yake mna zaidi ya sanda. Tunaichukulia kama kifaa, kitu cha kumwachia kijana wa nyumbani achezee. Mjomba angekuwa na ng'ombe wawili, ukoo mzima ungejua mmoja ni wa kufugiwa na ni wa nani. Alikuwa na ng'ombe wa watu thelathini mfukoni.

Hiyo ni lawama yetu. Sasa ya wenye mamlaka.

Mwaka 2019, kuanzia Mei, tuliambiwa kila laini isajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Wengi wetu tunakumbuka foleni za ofisi za NIDA, na Januari 20, 2020, siku ambayo laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Mjomba alisajili yake siku za mwisho, vidole vyake vikiwa vimeliwa na utomvu wa korosho kiasi kwamba mashine ilimkataa mara kadhaa. Alipakwa mafuta, akapanguswa, mpaka kidole gumba kikakubali. Serikali ilitaka kujua mwenye laini ni nani, na ikajua. Nchi nzima ilipita mbele ya mashine ile. Ilikuwa nafasi ya kuuliza swali moja zaidi: ukifa, tumpigie nani?

Halikuulizwa. Mtu akichukua bima ya maisha huulizwa mnufaika. Akijiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii huandikisha wategemezi. Lakini mkulima wa Newala hana bima ya maisha wala ajira yenye mfuko. Ana laini. Hiyo ndiyo benki yake na kikoba chake, ndiyo albamu yake ya picha. Na laini hiyo ufunguo wake ni kidole, na kidole tulikizika Jumanne ile saa kumi alasiri.

Kuna hatari nyingine ambayo hakuna aliyeniambia mpaka nilipofika chuoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Mjomba alinipa ruhusa akiwa hai. Je, ruhusa ile ilikufa naye? Sijioni mhalifu, na sidhani kuna hakimu atamfunga mtoto aliyenunua sanda. Lakini ona tulipofikishwa: njia halali inachukua miezi saba, njia ya haraka inapita pembeni ya sheria, na katikati hakuna njia ya mtu aliye hospitalini Masasi na maiti inayosubiri gari.

Mwenzangu mmoja wa darasani hapa Dar es Salaam, tulipozungumza habari hii, alicheka. "Urithi wa mtandaoni ni mada ya Wazungu wenye sarafu za kidijitali. Wakulima wako wana matatizo halisi."

Nikamwambia Wazungu wenye Facebook nao walifungiwa mlango. Mwaka 2012 msichana wa miaka 15 alikufa Berlin baada ya kugongwa na treni. Wazazi wake walitaka kujua kama alijiua. Nywila yake walikuwa nayo, lakini akaunti ilikuwa imeshageuzwa kuwa ya kumbukumbu na haikufunguka. Walishtaki, wakapanda ngazi za mahakama, mpaka Julai 12, 2018 mahakama ya juu ya shirikisho ya Ujerumani ilipoamua kwamba akaunti hurithiwa kama zinavyorithiwa barua na shajara. Karibu miaka sita, na walikuwa na nywila. Kilichowafungulia ni haki iliyotamkwa. Jirani zetu Kenya wana sheria ya mwaka 2011 kuhusu mali za kifedha zisizodaiwa, na mamlaka inayozipokea na kuzirudisha kwa warithi wanaojitokeza. Huwezi kusema mambo haya ni ya mbali.

Makampuni makubwa yenyewe yameshakubali kwamba watu hufa. Google, tangu 2013, inakuruhusu kutaja watu hadi kumi watakaopewa sehemu utakayochagua ya vitu vyako ukiwa kimya kwa miezi kadhaa. Facebook, tangu 2015, ina mtu wa kuangalia ukurasa wako ukifa, ila haruhusiwi kusoma jumbe zako. Apple ilifuata Desemba 2021. Sizisifii, zimewekwa ndani kabisa ya mipangilio, kwa lugha ambayo mke wa mjomba haisomi. Nataka tu uone walichokielewa: kutaja mtu, na kugawa milango. Huyu picha, yule barua, na jumbe abaki nazo marehemu. Kama jambo hilo linawezekana kwa picha za harusi za mtu wa California, linawezekana kwa fedha za kikoba cha Newala.

Ninachokidai, basi, si kikubwa. Kila laini yenye akaunti ya fedha iwe na jina la mpokeaji, litakaloandikwa siku ya kusajili na kubadilishwa wakati wowote kwa kubonyeza namba fupi, kama tunavyobonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Sisemi mrithi. Mrithi ataamuliwa na mahakama na ukoo. Nasema mpokeaji: mtu wa kupigiwa, wa kuleta cheti cha kifo, wa kupewa taarifa ya salio kwa maandishi mbele ya mashahidi, na kiasi kidogo kilichowekewa ukomo kwa ajili ya mazishi. Kilichobaki kikae mpaka barua itoke. Hilo lingeniokoa mimi, lingemwokoa mke wa mjomba na maneno aliyolazimika kuyasema, na mwanakikoba yule asingeuza kwa kangomba.

Wakati tunasubiri, na tutasubiri, kuna yaliyo mikononi mwetu. Kama unashika hela za kikundi, zitoe kwenye laini yako leo. Zipo huduma za vikundi, kama M-Koba, ambazo fedha hazikai kwa mtu mmoja. Kama unashindwa, fungua laini ya kikundi peke yake na uandike hivyo kwenye daftari. Piga *106#, andika laini zako kwenye karatasi, andika ipi ina nini na ni cha nani, nani unadaiwa naye na nani unamdai. Usiandike namba ya siri. Karatasi hiyo isomwe kwa watu wawili kutoka pande mbili za familia, ili kesho wasibishane ulisema nini. Jumbe zako ambazo hutaki zisomwe, zifute ukiwa na nguvu za kuzifuta.

Najua jibu la kwanza: ndoa zitavunjika, mtu atapekuliwa akiwa hai. Lakini ninachoomba ni kinyume cha kupekuliwa. Anayegawa namba ya siri ndiye anayegawa kila kitu. Anayeandika orodha amebaki na mlango wake umefungwa, na amesema tu nyuma yake kuna nini cha nani.

Fedha zilizobaki tulizipata Julai 2024, zikaenda moja kwa moja kwa kikoba, mgao wa mwaka uliopita ukilipwa mwaka uliofuata. Zile 395,000 nilizilipa mimi, kwa hela ya kusahihisha mitihani ya shule binafsi na kwa kuuza simu yangu. Mwenyekiti alinipa risiti. Sikuiomba. Aliniandikia mwenyewe, akaweka sahihi, akawaita wengine wawili waweke zao. Wamerudi kwenye sanduku la bati na kufuli tatu. Kijana mmoja wa kijijini aliwacheka kwamba wanarudi nyuma. Mimi sikuwacheka.

Mwaka huu, mwezi wa pili, mama yangu alikuwa anatafuta namba ya fundi kwenye simu yake, kidole kikateleza kwenye jina la kaka yake. Hakuwahi kulifuta. Simu ikaita. Ikapokelewa. Sauti ya kijana, lafudhi ya Kanda ya Ziwa, "Haloo?" Laini ilikuwa imekaa bila kutumika, kampuni ikaiuza upya. Kijana hakufanya kosa lolote. Mama alimuuliza, "Wewe ni nani?" Naye akamjibu kwa adabu, akataja jina lake, akasema amenunua laini hiyo mwezi uliopita na kwamba wewe, mama, ni mtu wa nne kumtafuta mzee huyo.

Kwetu jina la mjomba lilikuwa limeshapewa mtoto wa kwanza wa binti yake, kwa kikao, kwa unga na maji, mbele ya koo zote mbili. Namba yake ilipewa mtu ambaye hakuna aliyemchagua, kama nilivyopewa mimi hela zake.

Mama bado hajalifuta jina. Amesema akipata nguvu atampigia tena yule kijana, amwombe, kama wakipiga watu wengine wanaomtafuta mzee, awaambie amefariki na awape namba ya nyumbani.

Ni mpango. Umechelewa, na umepewa mtu baki aupeleke, lakini ndio mpango wa kwanza ambao laini ile imewahi kuwa nao.